Mtaa Mmoja, Wabunge Watatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Verlene Tubbs anasimamisha basi la shule mbele ya maji. Kijito cha Cutler kimefurika tena hadi barabarani. Watoto wanane wamekwama ng'ambo. Leo hawatasoma.

"Mwaka wa tisa huu!" anafoka. "Kalavati moja tu, jamani!"

Verlene, mwenye umri wa miaka 58, ameendesha basi la mtaa wa Cutler, hapa jimbo la Michigan, Marekani, kwa miaka ishirini na miwili. Hulipwa dola 19 kwa saa, na shule zikifungwa halipwi kitu. Lakini kinachomkera si mshahara.

Mtaa huu una kaya 640, na mipaka ya uchaguzi imeukata vipande vitatu. Ukimwendea mbunge yeyote wa jimbo, atakwambia kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ni la mwenzake. Wote watatu wanatupiana mpira, na watu wa Cutler wanaloa.

Kwa hiyo tume ya mipaka ilipowaomba wananchi waonyeshe jamii zao zinaanzia wapi na kuishia wapi, ili kila moja ipate eneo bunge lake, Verlene alichora njia ya basi lake. Nani anaujua mtaa kuliko yeye?

Rasimu ilipotoka, alilia. Basi la shule haliruhusiwi kurudi kinyumenyume. Ili kugeuza, Verlene huenda hadi kwenye makazi ya matajiri kando ya uwanja wa gofu, akazunguka huko. Hakuna mtoto anayepanda pale. Naye alikuwa amechora mzunguko wote, na tume ikaufuata. Cutler sasa wako pamoja, ila wamemezwa na wapiga kura elfu nne wa gofu.

"Dada, umetuletea mabwenyenye nyumbani!" jirani yake, Odell Mabry, anamtania.

"Nyamaza, Odell! Wewe ulichora nini? Ulikuwa unakoroma!"

Alipopigia tume simu, ofisa alimjibu, "Mama, si ramani yako mwenyewe?"

Jibu hilo linaudhi. Watu wenye shahada za ramani walishindwa kumuuliza dereva swali moja?

Alhamisi ndicho kikao cha mwisho. Mipaka ikipita, itadumu miaka kumi. Kila mwananchi atapewa dakika mbili, na Verlene amepanga kusoma majina ya watoto wote waliokosa shule kwa sababu ya maji, mmoja mmoja.

"Muda ukiisha, wazime kipaza sauti chao," anasema. "Watoto arobaini hunisikia bila hicho."