Kwaya ya Sikio Moja

"Kezia, nani kakutundikia dripu kichwani?"

Swali hilo aliliuliza mzee Manirambona, jirani yetu hapa Kitanga, siku ya kwanza alipomwona Kezia Mpawenimana anakwenda shambani na kikapu kidogo kichwani, na nyaya mbili nyeusi zikishuka kutoka kwenye kikapu mpaka masikioni. Kezia hakumjibu. Hakumsikia. Mzee akanigeukia mimi niliyekuwa nafuata nyuma na jembe langu.

"Mama Prince, huyu mwenzako anaumwa?"

"Haumwi, mzee. Anasikiliza nyimbo."

"Nyimbo zinakaa kwenye kikapu?"

Nilitaka kumweleza nikashindwa, maana hata mimi nilikuwa bado sijaelewa vizuri.

Ndani ya kile kikapu, juu ya kitenge kilichokunjwa, kulikuwa na mashine ya kupigia sidii. Ni ya duara, ukubwa wake kama sahani ndogo, inatumia betri, na sauti yake huisikii mpaka uvae vile vidude vya masikioni. Kezia aliinunua Nyarugusu, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, kwa Mkongomani mmoja aitwaye Basile. Basile na familia yake walikuwa wamepata safari ya ng'ambo, kwa hiyo walikuwa wanauza kila kitu, kuanzia sufuria mpaka godoro. Nilikuwepo. Yule baba alikuwa mkweli, hakutuficha neno.

"Mama, ku sikio ya kuume inaimbaka bien," alisema kwa Kiswahili chao. "Ile ya kushoto ilishakufa. Lakini sikio moya inatosha, hein?"

"Inatosha," Kezia akajibu. "Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananisikiliza kwa moja."

Tukacheka wote watatu, na mashine ikawa ya Kezia.

Shida ilikuwa kutembea nayo. Ukiishika mkononi, wimbo unaruka. Aliifunga kiunoni, ukaruka. Aliibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto, ukaruka zaidi, mwimbaji akawa kama mtu mwenye kwikwi. Mwisho Kezia akakaa chini akajiuliza, katika mwili wa mwanamke ni wapi pasipotikisika? Tangu utoto alibeba ndoo ya maji kutoka mtoni, inapanda mlima mpaka nyumbani bila tone kumwagika. Basi akaiweka kichwani. Wimbo ukaenda sawasawa kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye maharage.

Sasa nieleze kwa nini aliitaka sana ile mashine, kwa sababu Kezia si mtu wa kununua vitu vya anasa. Ni mjane, mkulima wa maharage na mihogo. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia huko Kibondo, akaolewa hapa, akapata uraia hapa. Kanisani kwetu alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo upande wa wanawake. Kezia akianza, aliyesinzia anaamka, na mbuzi aliyefungwa nje anainua kichwa.

Kwaya yetu ilikwenda kurekodi studio mjini Kasulu. Mwalimu wa kwaya, ndugu Reverien, alikuwa ametunga wimbo wa kuvuka Malagarasi, mto wa mpakani, wenye maneno haya: "Mto ulikuwa mpana, mkono wako mpana zaidi." Mimi siimbi, nilikwenda kuwapikia. Katika mazoezi ya mwisho Reverien alisimamisha kwaya yote akasema, "Dada Kezia, rudi nyuma hatua kidogo. Hapa tunamwimbia Mungu, hatufukuzi nyani kwenye mahindi."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Kezia naye alicheka, lakini niliona shingo yake imekaza.

Kisha wakarekodi wanaume kwanza, wakatoka. Halafu wakaingia wanawake peke yao. Hilo nalo likumbuke.

Sidii zilipotoka, kila mwanakwaya alipewa yake. Reverien ana deki na televisheni, tukakusanyika kwake kusikiliza, tukala na ndizi. Ilikuwa nzuri mno. Kezia hakuwepo. Alikuwa Kibondo, hospitalini, anamuuguza mama yake ambaye baadaye alifariki. Aliporudi, sidii yake ilikuwa inamngoja kwenye kabati, naye hana umeme wala deki, na kwenda kwa Reverien bado kulikuwa kuzito moyoni kwa sababu ya wale nyani. Ndiyo akanunua mashine kwa Basile. Alitaka ajisikie mwenyewe, nyumbani kwake, bila mtu kumtazama usoni.

Akaja kwangu machozi yanamtoka.

"Mama Prince, ametufuta."

"Nani kafuta nini?"

"Reverien. Ametufuta wanawake wote. Sikiliza."

Nikavaa vile vidude. Kinanda kikaja, wanaume wakaja, mto ukawa mpana, halafu mahali pa wanawake kujibu pakawa kimya. Kinanda peke yake kinatembea. Kisha wanaume tena. Nilitoa nikafuta na kanga, nikavaa tena. Vilevile.

"Lakini kwa Reverien niliwasikia," nikasema.

"Ulisikia unachokijua. Wimbo ulishauzoea, moyo wako ukajazia."

Nikavivua vile vidude. Mtu akikuambia ulichokisikia hukukisikia, unaanza kujitilia shaka, hasa kama umri umekwenda. Nikawaza labda Reverien alitoa sidii za namna mbili. Nikamwendea, nikamwomba sidii yake mwenyewe bila kumwambia ni ya nini, Bwana anisamehe. Tukaiweka kwenye mashine ya Kezia. Wanawake hamna!

"Basi mashine ndiyo inakula wanawake," nikasema.

Tukaazima sidii ya kwaya nyingine, ya watu tusiowajua. Tukaweka. Wanawake wapo, wanaimba vizuri kabisa, na wanaume wapo. Kwa hiyo mashine haina kosa. Manirambona alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anatutazama, akasema, "Mashine ya kiume hiyo. Wanawake wa watu inawataka, wa nyumbani inawachoka."

Kezia hakucheka. "Unaona sasa? Ndiyo maana walituimbisha mbalimbali. Ili iwe rahisi kututoa. Amewatoa wenzangu wote ili atoe sauti yangu."

 Nilijua Reverien si mtu wa hivyo. Na masikio yangu yalikuwa yananiambia ni mtu wa hivyo. Nilipiga magoti siku nyingi kuomba nionyeshwe ukweli uko upande gani, nikiinuka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa.

Kezia akaacha kwaya. Reverien akimsalimia "Mwidiwe" jioni, yeye anatazama chini. Na kibaya zaidi, akaacha Meza ya Bwana. Mchungaji wetu huwa anasema huwezi kupokea mkate kwa mkono mmoja huku mwingine umemkunjia ndugu yako ngumi, na Kezia si mnafiki. Jumapili ya Meza ilipofika alikuwa anakaa benchi la mwisho, na sinia likianza kuzunguka anatoka nje, anakwenda kusimama karibu na wale mbuzi. Nilikuwa namwona dirishani. Mtu ambaye alipokufa mumewe hakukosa Meza, alipomzika mama yake hakukosa, sasa anakosa kwa ajili ya sidii. Alikonda. Na Reverien wa watu hakujua kosa lake. Aliniuliza, "Dada, Kezia nimemfanyia nini?" Nikasema sijui, maana kweli nilikuwa sijui kama alifuta au hakufuta.

Na bado kila siku Kezia alikuwa anaibeba ile mashine kichwani kwenda shambani, anausikiliza wimbo uleule. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Labda kuna siku watarudi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali wakati Pasaka inakaribia.

Juma moja kabla, tulikwenda Kasulu kuuza maharage. Betri zilikuwa zimekwisha, tukapita kwa Shamsi, baba mmoja mwenye kibanda cha tochi, betri na redio pembeni mwa soko. Kezia akataka ajue kama betri ni nzima kabla ya kulipa. Akamnyooshea vile vidude vya masikioni.

Shamsi akarudi nyuma. "Mama yangu, sikio la mtu ni kama mswaki wa mtu. Lete waya huku."

Akachomoa vidude, akachomeka waya wa spika zake. Zilikuwa mbili, maboksi meusi. Moja ilining'inia hapa tulipo, nyingine ameivuta mpaka mwisho wa kibanda, karibu na mama muuza nyanya, ili wateja wa upande ule nao wasikie.

Kinanda kikaanza. Wanaume wakaja, hapa juu ya vichwa vyetu. "Mto ulikuwa mpana." Nilimwona Kezia anakaza shingo kama kawaida, anangojea kile kimya.

Halafu kule mwisho, kwenye nyanya, wanawake wakajibu.

Kezia aligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake. "Nani hao?"

"Si ndiyo sidii yenu mama," Shamsi akasema.

Mimi nilikwenda kwenye boksi la kule nikasikia wanawake. Nikarudi la huku nikasikia wanaume. Nikasimama katikati nikaisikia kwaya yote, kama siku ile ya ndizi. Nikarudia tena kwenda na kurudi, mpaka muuza nyanya akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Shamsi akatueleza kwa upole, akinyoosha mkono huku na kule. Aliyerekodi aliweka wanaume kulia na wanawake kushoto, basi. Kwaya nyingine wanachanganya wote pande zote mbili, hii hawakuchanganya. Ukiwa na sikio moja bovu, unapata nusu ya kanisa.

Ya kushoto ilishakufa. Basile alituambia, na sisi tukacheka. Na Kezia siku zote hizo alikuwa anakivaa kile cha kushoto pia, ili tu kisining'inie.

Nilidhani atafurahi. Lakini alikuwa amesimama mbele ya boksi la kule, ameinamisha kichwa, anatafuta.

"Chantal namsikia," alisema. "Apoline namsikia. Mimi simo."

"Umo."

"Simo, Mama Prince. Nisikilize, hawa wote nawajua. Na huyu mmoja anayewafunika wenzake ni nani? Huyu anayepiga kelele? Mawe we, mama yangu, huyu anafukuza nyani!"

Alipolisema hilo, akaweka mkono mdomoni.

  Ilikuwa ni yeye. Ni sauti ileile inayoamsha waliosinzia, iko juu ya wenzake wote, hakuna mtu duniani angeshindwa kuijua, isipokuwa mwenyewe. Reverien hakuwa ameipunguza hata kidogo. Kama alitaka kuifuta, mbona aliiacha ikawa ndiyo kubwa kuliko zote?

"Ndiye mimi huyo?" aliuliza.

"Ego, ndiyo, ndiye wewe."

"Ninyi ndivyo mnavyonisikia? Miaka yote?"

"Ndivyo."

"Na hamkunifukuza?"

Shamsi akauliza kama arudie wimbo. Kezia akasema arudie. Ukarudiwa mpaka muuza nyanya akaanza kuitikia. Mimi bado nilikuwa sielewi mtu anawezaje kuishi na sauti yake mwenyewe maisha yote na siku moja akutane nayo sokoni asiitambue. Mpaka leo sijaelewa. Nimemuuliza mchungaji, akasema ni jambo la kutafakari, maana yake naye haelewi.

Tukaanza safari ya kurudi. Kezia alikuwa na mashine kichwani kwenye kikapu chake, betri mpya ndani, lakini nyaya alikuwa amezikunja vizuri na kuziweka chini ya kitenge. Mara anatabasamu, mara anafuta macho. Nilishindwa kujua kama niombe kwa kushukuru au niombe kwa kusihi. Manirambona alituona kwa mbali akapaza sauti, "Kezia! Dripu imekwisha?" Na safari hii Kezia alimsikia, akampungia mkono.

Tulipofika penye njia panda, ya kulia inakwenda kwetu, ya kushoto inakwenda kwa Reverien, akasimama. Akashusha kikapu, akakishika kwa mikono miwili kifuani.

"Mama Prince," alisema, "naomba tupitie kwa Reverien kwanza. Lakini hodi bisha wewe, sauti yangu naiogopa."