Safari ya Kayaki Niliyomnyima Matayo

Ipo siku moja, mwanangu, inayonijia kila nikisikia kijana anasema, "Tutateremka na maji tu, hakuna kazi." Juzi nimekusikia wewe ukiwaambia wenzako wa mtaani kwako Discovery Gardens maneno hayo hayo, simu sikioni, unapanga kayaki na mishipi. Sikukukatiza. Mtu akikatizwa mbele ya rafiki zake hasikii kitu, anaona aibu tu, na mimi nataka usikie. Kwa hiyo nakuandikia, usome ukiwa umetulia.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe, mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ndogo ya Dubai, pale mtaa wa Al Muraqqabat. Jikoni alikuwapo Matayo, Mgogo wa Dodoma, mtu mpole ambaye akicheka hucheka kwa mabega bila sauti. Kazi yake ilikuwa kuparua magamba na kutumbua samaki, hamur, nguru, kolekole, kila asubuhi, tangu alipofika huku. Samaki wote wale walipita mikononi mwake na hakuna hata mmoja aliyemkuta hai. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, naye ameshaamua kurudi kwao moja kwa moja, aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka amvue samaki yeye mwenyewe, mara moja, kabla hajapanda ndege. Ndege yake ilikuwa Jumamosi, na Ijumaa ndiyo siku pekee tuliyokuwa na mapumziko.

Kumwomba Mpemba jambo la samaki ni kumvimbisha kichwa, na changu kilivimba. Nikapanga safari kwa raha zangu zote. Kule Umm al-Quwain kuna khori refu linaloingia ndani kati ya mikoko. Tungeanzia ndani kabisa, kila mtu na kayaki yake, maji yanayopwa yatubebe taratibu kuelekea baharini, tukitupa mishipi pembeni mwa mikoko pale kolekole wanapofukuza vidagaa. Rafiki yetu mwenye gari angetungojea mdomoni mwa khori. Vibali vya kuvua vilikuwa tayari, jaketi za kuokolea zipo, na chambo kimeganda ndani ya friza ya hoteli bila madam wa jikoni kujua.

Saa ya kuanza niliipigia hesabu kwa mwezi. Mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, na kwetu mwezi mpevu ni bamvu, maji makubwa, hujaa saa kumi alfajiri na kupwa mpaka saa nne asubuhi. Mtoto wa kwetu hafundishwi hayo, anakua nayo. Basi tukiingia majini saa kumi na mbili maji yatakuwa yanatoka, na sisi tutatoka nayo. Sikuona kingine cha kufikiria.

Kayaki nilikuwa naziazima kwa Mzee Khalfan. Huyu alikuwa mtu wa Unguja, familia yake imekaa Bur Dubai tangu kabla ya maghorofa, duka la vitambaa ameshawaachia wanawe, na yeye amebaki na uvuvi wake wa Ijumaa. Nilipomwendea Jumatano alinikaribisha kahawa, akaniuliza tunakwenda wapi, saa ngapi, na nani, na huyo nani anajua kuogelea? Nikamjibu kwamba Matayo hajui, ila mimi nitakuwepo. Akaweka kikombe chini.

"Saa hiyo umeipata wapi?"

"Kwa mwezi, mzee."

"Mwezi ndo ule ule, baba. Maji siyo. Ushapata kuyatazama ya huku hata siku moja?"

Nilikuwa sijapata. Nikamwambia, kwa adabu yenye kiburi ndani yake, kwamba babu yangu alivua maisha yake yote na hakuwahi kukosea maji. Hakubishana na babu yangu. Alisema tu kwamba kesho alfajiri atanipitia twende tukayatazame, na kwamba yeye mwenyewe hataweza kutusindikiza Ijumaa kwa sababu mjukuu wake anaozwa siku hiyo. Nilirudi nimenuna, kwa sababu Alhamisi nilikuwa na zamu ya mchana na nilitaka kulala.

Tulifika khorini jua linachomoza. Mzee Khalfan aliokota kipande cha kuti kavu la mtende akakirusha majini, kisha akafungua chupa ya chai na kunimegea mkate. Kwa hesabu yangu kuti lile lilipaswa kwenda baharini. Lilisimama, likajizungusha, halafu likaanza kwenda ndani. Tulilitazama mpaka likafichwa na mikoko, na mizizi iliyokuwa wazi tulipofika ikawa inafunikwa mmoja mmoja. Maji yalikuwa yanajaa saa ile ile ambayo mimi nilimpangia Matayo kutoka nayo.

Mzee alinieleza bila kunicheka. Ghuba ina saa zake. Maji yale yangejaa mpaka karibu na adhuhuri, kisha yangegeuka na kutoka kwa nguvu, na mchana upepo huvuma kutoka baharini, kwa hiyo pale mdomoni maji na upepo hukutana uso kwa uso na bahari huchafuka. Mtu asiyejua kuogelea angefikishwa hapo amechoka, jua la utosini. Nilijiona mjinga, na bado nilikuwa nabishana kichwani.

Nikamwambia basi tugeuze safari, tuanzie mdomoni asubuhi kukiwa shwari, maji yatuingize ndani. Alifurahi kweli. Akasema ndivyo anavyofanya yeye. "Lakini huko ndani ushapita? Vijito vingi, na vingine vyakupeleka topeni. Kesho pita peke yako. Ijumaa ya pili mchukue mwenzio."

Nilimkumbusha kwamba Ijumaa ya pili Matayo hatakuwepo. Akafunga chupa ya chai, akaniambia kayaki zote mbili zimo nyuma ya gari na hatanizuia. "Wewe ndo utakayemvisha jaketi," alisema. "Sema mwenyewe."

Tuliporudi nilizishusha kayaki zote mbili. Mwanangu, ningekuwa nimekatazwa ningepata wa kumlaumu, na pengine ningekaidi. Aliniachia mzigo wote mimi, na ulikuwa mzito.

Nilimkuta Matayo mlango wa nyuma wa jikoni, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia safari haipo, na kwa nini. Alisema yeye haogopi. Nikamwambia mimi ndiye ninayeogopa. Nikamwomba basi twende tukae ukingoni tu na mshipi, samaki ni samaki, akasema kukaa ukingoni hata kwao mabwawani watu wanakaa. Wanawe alikuwa ameshawaahidi picha ya baba yao juu ya maji.

"Si ungesema tu mapema kwamba huwezi kwenda na mtu kama mimi," aliniambia. "Khalas. Yaishe."

Maneno hayo yaliniuma, maana hayakuwa kweli, na sikuwa na njia ya kumwonyesha kuwa si kweli.

Ijumaa yeye alikwenda kanisani, maana huku ibada ilikuwa siku hiyo ya mapumziko, kisha akafunga mizigo. Mimi nilikwenda khorini peke yangu. Na sasa nitakwambia jambo ambalo wazee wengi wangekuficha. Hakuna kilichotokea. Maji yalikuwa shwari tangu mdomoni, yakanibeba ndani polepole, sikutumia kafi ila kuinyoosha kayaki. Nilikosea kijito kimoja tu, nikashuka topeni nikaisukuma kayaki nikarudi. Pembeni mwa mikoko nikamnasa kolekole mzuri, mrefu kama mkono. Nilimtoa ndoana nikamrudisha majini, kwa sababu sikuwa na uso wa kumpeleka jikoni kwa Matayo amparue. Nililia kidogo, sikufichi. Matayo angeweza kuja. Angekaa pale pale nilipokaa mimi na picha yake ingepigwa.

Jumamosi nilimbebea begi mpaka uwanja wa ndege. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru dereva wa teksi.

Harusi ya mjukuu ilipopita nilimrudishia Mzee Khalfan kayaki zake, na hasira zangu nikazipeleka pamoja nazo. Nilimwambia amenigombanisha na rafiki bure, safari ilikuwa nyepesi, Matayo angeweza.

"Leo wajua kwamba angeweza," alinijibu. "Alhamisi ulikuwa hujui, na ulitaka kumchukua hivyo hivyo."



Sasa wewe, mwanangu. Najua simu zenu zinawaambia saa za maji, hamhitaji mwezi wala mimi. Simu inakupa za mdomoni, huko ndani ya vijito maji huchelewa, na simu haijawahi kukaa topeni. Nenda kwanza mwenyewe na mtu mwenye kupajua. Gari liweke mnapotokea kabla hamjaingia majini, na mkubaliane mapema mahali pa kutokea katikati, kama upepo ukibadilika. Na kabla ya hayo yote waulize wenzako nani hajui kuogelea, ila usiwaulize wote pamoja. Vijana mbele ya vijana wenzao wote ni papa. Muulize kila mmoja peke yake, na atakayekwambia hajui, mshukuru kwa kukuamini, maana kuanzia hapo safari inapangwa kwa kipimo chake yeye.

Ukiona mambo hayajakaa sawa, ivunje. Watakasirika, na hutakuwa na cha kuwaonyesha, kwa kuwa balaa uliloliepusha halionekani. Pengine halikuwepo hata kidogo. Bahatisha na nafsi yako ukitaka, ya mwenzio si yako kubahatisha.

Matayo yuko Dodoma, ana wajukuu sasa. Hunipigia simu kila Krismasi, tunataniana, tunaulizana hali za miguu, na Ijumaa ile hatujaigusa hata mara moja. Nasikia kwenye sauti yake kwamba bado kuna kinyongo kidogo, na sijawahi kumwomba akiondoe. Ni kinyongo cha mtu aliye hai, nakipokea kila mwaka kwa furaha.

Nenda, baba. Mungu akupe maji mapole na macho ya kuyasoma, akupe ujasiri wa kuchukiwa inapobidi, na akurudishe na kila uliyetoka naye.