Siku Nilipotangaza Mahari

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, hata leo, koo langu hujikohoza lenyewe kama la mtu anayejiandaa kuhutubia. Wengine harufu hiyo huwakumbusha kibatari. Mimi hunikumbusha kipaza sauti cha kijiji chetu, ambacho fundi alikikunja kutoka kwenye debe la mafuta ya taa bila kuliosha vizuri. Ukitangaza msiba au chanjo ya ng'ombe, ladha mdomoni ilikuwa ileile.

Tulihamia Nyarubungo, Biharamulo, wakati wa vijiji vya ujamaa. Baba alitutoa Kasulo kule Ngara na mbuzi wanne na Kihangaza chetu. Majirani wengi walikuwa Wasukuma waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao. Kiswahili tulikutana nacho katikati, kila mmoja akikivutia kwake. Kwetu watu walikura wari. Kwao walikula mahalage. Tulielewana, na tulishiba.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na ndoto yangu ilikuwa moja tu: kuwa mtangazaji wa redio. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja, ndiye aliyekuwa na redio. Jioni alipoiwasha, baada ya betri kushinda zimeanikwa juani kama dagaa, nilikaa karibu nayo kuliko wote. Yule mama aliyesoma taarifa ya habari niliamini hajawahi kusenya kuni wala kuchapwa na mwalimu. Nami nilikwenda nyuma ya zizi kuwasomea mbuzi habari zilezile. Waliendelea kutafuna, nami nikahesabu kwamba wamekubali.

Kisha vita vikaja. Bujiku, mgambo aliyekuwa mpiga mbiu wetu, akaondoka na vijana wenzake kwenda mstari wa mbele. Mzee Masanja, aliyekwisha kuchoka kunisikia nikirudia habari nyuma ya redio yake, akanikabidhi lile debe. Baba alisema mtoto akililia wembe, mpe.

Nilitangaza vizuri kwa wiki kadhaa, hadi siku nilipopewa karatasi iliyoandikwa: "Bwana Shamba atakuja kesho asubuhi kuzungumza na wazee kuhusu mahali. Wazee wasikose." Ilikuwa ni mahali pa kufungua shamba jipya la pamba, lakini karatasi yenyewe ilikuwa kipande cha mfuko wa sukari, na nafasi ilimwishia mwenyekiti. Mimi nikazunguka kijiji kizima nikitangaza kwa sauti ya yule mama wa redioni kwamba Bwana Shamba anakuja kuzungumza na wazee kuhusu mahari.

Bwana Shamba alikuwa kijana asiye na mke, mwenye saa na pikipiki.

Kesho yake Mzee Bitaho, Mhangaza mwenzetu mwenye mabinti wanne, alifika mkutanoni na koti lake la kanisani, ndugu zake wawili na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Binti yake wa pili, Yuditha, alikuwa amesukwa nywele mpya. Bwana Shamba akakunjua ramani yake mezani. Mzee Bitaho hakuitazama. Aliuliza taratibu ni ng'ombe wangapi.

"Sita watatosha kuanzia," akajibu Bwana Shamba, akidhani anaulizwa wa kukokota plau.

"Sita ni wachache," akasema Mzee Bitaho. "Binti amefika darasa la saba."

Mzee Masanja akanigeukia, akaniuliza nilitangaza nini. Nikasema, "Mahari, mzee," na hapo ndipo nilipojisikia mwenyewe. Mkutano mzima ukaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Bitaho.

Shuleni nikaitwa Bibi Mahari. Baada ya siku tatu nilibeba debe hadi kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Nimerudisha debe."

"Marahaba. Limetoboka?"

"Hapana. Ni ulimi wangu."

Hakunibembeleza. Alisema Bujiku yuko vitani, kesho kuna kazi ya barabara, na kama nimeshindwa niliache mlangoni. Nililiweka chini. Nilifika hadi kwenye migomba yake, nikasikia mwanaye mkubwa akijaribu kutangaza, kwa sauti ya beberu aliyebanwa na mlango. Wivu ukanirudisha.

Tangu siku hiyo nilitafuta maneno yasiyo na r wala l. "Mkutano kesho asubuhi. Njooni na majembe." Shule nikaiita nyumba ya vitabu. Barabara ilinitesa sana; nikaiita njia ya magari, nikagundua r bado imo, nikaishia kuiita njia pana. Watu walidhani huo ni ufasaha.

Ndipo alasiri moja Mzee Masanja akatoka ndani mbio, bila karatasi, akaniambia alichosikia redioni. Nikakimbia na debe. "Vita vimekwisha! Vijana wetu wanakuja nyumbani!" Maneno hayo hayakuwa na r, hayakuwa na l. Mama yake Bujiku alinishika mkono katikati ya njia, ndoo ya maji kichwani, akaniambia nirudie. Nilirudia mara nyingi, na kila mara alitikisa kichwa kidogo kama anayeonja chumvi.

Bujiku alirudi, akachukua kazi yake. Ukubwani nilikwenda kujaribiwa sauti redioni. Nilipewa sentensi iliyojaa r na l, na mimi mwenyewe nilijua kabla hawajaniambia. Ndoto ile niliiacha palepale, nikala chipsi, nikarudi nyumbani. Leo naita majina ya wagonjwa kwenye zahanati, na kila ninayemwita hugeuka.

Bwana Shamba alimwoa Yuditha baada ya mavuno. Miaka mingi baadaye nilimwomba Mzee Bitaho radhi kwa aibu niliyomtia siku ile. Alinitazama kwa mshangao.

"Mwanangu, mimi ni Mhangaza. Tangu nizaliwe, hata mahari pa shamba naita mahari. Nilijua tunakwenda kuonyeshwa shamba."

"Na rubisi je?"

"Nilikuwa na mabinti wanne, na yeye alikuwa na pikipiki."

Kumbe siku ile hakuna mzee aliyepotea. Kila mmoja alinisikia sawasawa. Ni Mzee Bitaho tu aliyeona mlango umefunguka akapita, akaniachia lawama, kwa kuwa ya mtoto husahaulika upesi. Alikosea hapo tu. Mimi niliibeba miaka ishirini.