Gari la Kukatwa Jumamosi

Sitaki kuanza na baba ya mtoto, lakini gari lilikuwa lake, kwa hivyo nitampa aya moja. Alilinunua likiwa limeshazeeka: gari dogo la Kijapani la mbio, lenye tundu la hewa juu ya boneti na tabo ndani. Tabo, kwa asiyejua, ni kifaa cha chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni upande mmoja, na feni ya upande wa pili inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Magari ya kawaida hupanda yakikohoa, lakini lenye tabo linapita tu. Yeye alilishusha mpaka likakaribia kulamba lami, akalifungia bomba la moshi la kelele, ekzosi, akaweka na valvu ya kufanya lipige chafya kila akibadilisha gea, ili watu wa stendi wageuke. Mtoto wetu alipofika miezi minne, akaenda kazi Uarabuni. Simu ya kwanza aliuliza gari liko aje. Ya pili pia. Aya yake imeisha.

Nilibaki na mtoto wa kike na gari lisiloweza kuvuka hata mtaro wa lango letu bila kukwaruza tumbo. Ninakaa upande wa barabara ya Mweiga, nyumba ya kupanga, na nauza kwenye duka la dawa za mifugo mjini Nyeri. Fizikia nilipata D. Lakini miaka miwili nilikuwa nikimshikia tochi akitengeneza, na anayeshika tochi huona kuliko anayeshika spana, kwa sababu mikono yake haizibi njia. Nilitafuta springi zake za kwanza, nikazipata nyuma ya banda la kuku, nikazirudisha moja moja kwa wikendi nne mpaka gari likasimama kwa urefu wake. Ile valvu ya chafya niliitoa, nikarudisha ya kiwandani. Ekzosi nilipata ya kimya kutoka kwa mtu aliyekuwa anatafuta ya kelele, tukabadilishana tukicheka, kila mmoja akimwona mwenzake mjinga.

Watu wameniuliza sana kwa nini. Nililipenda. Sina sababu nyingine na sitatunga.

Shida ilianza na jasho dogo la oili chini ya tabo. Kitu kidogo. Nililipeleka gereji moja mjini, na fundi akaongea na mimi akiangalia nyuma yangu, kama anayengoja mwenye gari afike. Alisema ni gasketi ya bomba, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya vyuma viwili kuzuia oili kuvuja. Akaifanya, nikachukua gari. Siku ya tano lilitoa moshi wa bluu mzito hivi kwamba mama anayeuza ndizi kwenye kona alifunika ndizi zake na leso, akanitukana mpaka nikapotea machoni pake. Ni kama alikuwa na haki. Nilirudi gereji.

"Madam, tabo imekufa," fundi akasema, hata boneti hajafungua.

"Imekufa aje? Nilileta ikitoa jasho tu."

"Ilikuwa inataka kufa. Hizi gari za tabo hazipendi wanawake, madam. Uza hii, ununue kitu ya kupeleka mtoto kliniki."

Nilimwambia maneno ambayo sitaandika hapa, kwa kuwa mtoto wangu atajua kusoma.

Habari ilimfikia baba ya mtoto huko Uarabuni, na kutoka huko ikarudi na agizo la kuuza gari kwa mama yake, ambaye yuko Wamagana. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu gari liliandikishwa kwa jina la mama yake na logibuku, hati ya umiliki, alikuwa nayo yeye. Mimi na yeye hatukuwa tunaongea vizuri. Alifikiri nimemfukuza mtoto wake. Mimi nilifikiri ni yeye aliyemlea vile. Alinipigia Jumanne. Hakusalimia.

"Kuna mtu wa Karatina anataka injini na gea. Hiyo ingine anapeleka chuma kuukuu. Anakuja Jumamosi na watu wa kukata."

"Kukata?"

"Kukata na moto. Si imekufa?"

Jumatano niliomba ruhusa ya siku mbili kazini. Nilitaka kuona kwa macho yangu mwenyewe kama kweli tabo ilikuwa imekufa. Nilimweka mtoto kwenye beseni la maji ya vuguvugu hapo uani, kijiko mkononi, nikafungua boneti. Nilitoa mpira mnene wa kuingiza hewa, nikaingiza vidole na kushika ncha ya ile feni. Video niliyokuwa nimeitazama ilisema tabo mfu hulegea: ukiisukuma ndani na nje, inacheza kama jino la mtoto. Hii haikucheza. Ilizunguka polepole, imara, safi. Nikaijaribu tena. Imara. Sasa kama ni nzima, oili inaingiaje kwenye ekzosi? Hapo akili yangu ikafika ukutani. Nilikaa kwenye tairi la spea, nikalia kidogo. Hasira tu.

Ndivyo yule mama wa Wamagana alivyonikuta. Ninamwita shosho, yaani nyanya, kwa sababu ndivyo mtoto atakavyomwita. Na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo yeye anamwona mtoto kama yeye mwenyewe, na anamwita "mimi" bila aibu yoyote. Alikuwa amekuja kuhakikisha siibi spea kabla ya Jumamosi. Hakubisha hodi. Alizunguka gari akihesabu magurudumu.

"Umetoa nini hapo?"

"Sijatoa kitu, shosho."

"Na hiyo kwa mkono?"

"Mpira wa hewa."

"Rudisha. Mtu ananunua gari nzima." Akaona beseni. "Na mimi ndio umeniweka kwa maji na hii baridi?"

"Maji iko na moto. Na tabo haijakufa, kuja ushike."

Nilisema hivyo kwa jeuri, nikijua atakataa. Akaweka mkoba chini, akapandisha mkono wa sweta na kushika. Nilikuwa nimesahau, au sikuwa nimewahi kujali, kwamba huyu mwanamke aliendesha mashine ya kusaga unga Wamagana tangu mume wake alipofariki. Injini ya dizeli, yeye na spana zake.

"Hii ni nzima," akasema.

"Si ndio nasema!"

"Usinipigie kelele. Inakula oili?"

"Inakula."

"Oili inakuja hapa na bomba ngapi?"

"Mbili. Nyembamba inaleta, nene inarudisha chini kwa injini."

"Hiyo ya kurudisha umefungua?"

Siku nzima nilikuwa nimekazana na feni. Bomba la kurudisha ndilo lile lile fundi alilolibadilishia gasketi, na sikuwa hata nimeliangalia.

"Nauliza umefungua?"

"Sijafungua."

"Na unalilia nini? Fungua."

Ni bolti mbili tu, lakini ziko mahali ambapo Mungu hakuweka mkono wa mtu. Ilinichukua saa nzima, shosho akinishikia tochi na kuniambia spana yangu ni ya watoto. Bomba lilipoachia, tuliona gasketi haikuwepo. Fundi alikuwa amepaka silikoni, ile gundi nyekundu ya kwenye tyubu, akaijaza kama anayepaka keki, kisha akakaza. Iliyozidi ilikuwa imeingia ndani ya bomba na kuganda. Shosho aliingiza kidole, akavuta, ikatoka nyama nyekundu yenye umbo la ulimi wa mbuzi. Njia ya kurudi ilikuwa imezibwa kabisa ila upenyo kama wa kijiti cha kiberiti. Oili ilikuwa inaletwa kwa nguvu, haina pa kurudi, inapenya kando na kuungua kwenye ekzosi. Hiyo ndiyo maiti yote.

Sijawahi kuona mtu mzima akikasirika hivyo. Mimi ni mtu wa hasira, najijua, lakini siku hiyo nilikuwa mwanafunzi. Mashine yake ya kusaga iliuawa na kitu hicho hicho: fundi alipaka silikoni, kipande kikang'oka, kikaziba kichujio cha oili, beringi zikaisha.

"Mtu mzima anapaka takataka kwa injini kwa sababu ni mvivu wa kukata karatasi!" alipiga kelele, ile nyama nyekundu ikining'inia kidoleni. "Ati tabo imekufa! Mimi ndio nitakufa!" Mtoto akaanza kucheka kwenye beseni, na sisi tukamwangalia, tukashindwa kujizuia.

Asubuhi iliyofuata alirudi kutoka Wamagana na kipande cha karatasi ya gasketi kilichobaki tangu siku za mashine, amekifunga kwa sweta kama yai. Aliweka karatasi juu ya mdomo wa bomba, akachukua nyundo ndogo na kuanza kugonga ukingoni, taratibu, tk tk tk, mpaka chuma chenyewe kikaikata karatasi kwa umbo lake. Kisha akanipa nyundo.

"Hiyo shimo ya bolti fanya wewe. Polepole. Hauui panya."

Nilifanya. La kwanza lilipasuka, tukakata karatasi nyingine. La pili likatoka duara safi. Tulisafisha bomba kwa petroli na waya, nikapaka gasketi oili kidogo kwa kidole, tukafunga, nikaweka oili mpya na filta mpya. Silikoni hata harufu yake haikuwepo.

Tulitoka kuelekea Mweiga, mtoto amefungwa kwenye kiti chake, shosho amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma akichungulia barabara kupitia kioo cha nyuma. Sikuwa nimefika kilomita moja, nikaona kwenye kioo cha pembeni moshi wa bluu, mzito kama wa kwanza. Nilisimama kando ya barabara.

"Nani amekuambia usimame?"

"Shosho, inatoa moshi."

"Ukimwaga mchuzi kwa jiko, moshi inaisha saa hiyo hiyo? Hiyo ni oili ya zamani iko ndani ya bomba ya moshi. Endesha."

"Na kama si ya zamani?"

"Endesha, wewe!"

Niliendesha nikiomba. Nyuma alikuwa anatangaza kama mtangazaji wa mpira. "Bado. Bado. Bado mingi. Bado. Huyo wa pikipiki amefunga pua, pole yake. Imepungua. Songa. Imepungua, nakwambia songa!" Tulipofika kwenye mwinuko nilikanyaga, tabo ikaamka na kile kisauti chake chembamba, gari likavuta, na shosho akaanguka kwenye kiti akimwita Mungu, "Ngai!" Nilipunguza kwa hofu. Alikuwa anacheka, kitambaa cha kichwa kimemfunika jicho moja. Akapanda tena kuangalia.

"Hakuna," akasema. "Naona barabara mpaka chini."

Tulinunua viazi Mweiga na kugeuza. Njia nzima ya kurudi hakusema neno kuhusu Jumamosi, na mimi sikuuliza. Logibuku ilikuwa yake, na aliyesema gari liuzwe ni mwanawe. Gari zima lingemletea bei nzuri kuliko bovu. Ijumaa nilikwenda kazini na kumuuzia mtu dawa ya kupe badala ya ya minyoo.

Jumamosi alifika kabla ya mtu wa Karatina. Alikaa kiti cha mbele cha abiria, mtoto mapajani, mkoba miguuni, mlango wazi. Pikapu ikaingia na wanaume watatu na mitungi ya gesi.

"Mama, habari. Shukeni basi tuanze," mnunuzi akasema.

"Kuanza nini?"

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana juu ya iliyokufa. Unaona maiti hapa?" Akanigeukia. "Washa."

Niliwasha. Gari likanguruma kwa utulivu. Wale wanaume walienda nyuma, wakainama, wakaangalia ekzosi. Hewa tupu. Mnunuzi alikuna kidevu, akasema ikiwa ni hivyo anaweza kuongeza kidogo.

"Ulikuja kununua maiti," shosho akamwambia. "Enda utafute kwingine, zimejaa."

"Lakini kijana yako alisema—"

"Kijana yangu ako wapi? Mwite atoke tuongee."

Akampigia simu mwanawe mbele yao, na mbele yangu, akamwambia gari haliuzwi, jina lililo kwenye logibuku anajua ni la nani, na kama anataka kuuliza kitu aulize mtoto anakula nini. Akakata simu kabla hajajibiwa.

Bado nina hasira. Nina hasira na mwanamume aliyeondoka, na yule fundi ambaye bado anapaka silikoni magari ya watu. Lakini kwa huyu mwanamke sina tena hata chembe, na hilo limeniondolea mzigo kuliko nilivyojua. Nilimdhania adui miaka miwili, kumbe kulikuwa na mtu mwingine Nyeri nzima anayejua uchungu wa injini kuuawa na uvivu. Nilitaka kumwambia hivyo. Pikapu ikiwa bado inageuza langoni, nilisimama mbele yake na kusema asante, shosho, asante sana kwa kila kitu.

Aliniangalia juu mpaka chini.

"Unaenda mahali?"

"Hapana."

"Basi mbona unaniaga? Zima gari, fungua boneti. Tuone kama ile gasketi imelia oili."

Nilifungua. Alimshusha mtoto, akaingiza mkono chini ya tabo, akapitisha kidole kuzunguka bomba, akakitoa na kunionyesha kwenye jua. Kilikuwa kikavu.