Kiti cha Baiskeli ya Mama

Harufu ya grisi iliyonijia leo asubuhi mlangoni kwa fundi baiskeli imenirudisha utotoni, kwenye uwanja wa nyuma ya magorofa yetu, Tottenham, nyasi zikiwa bado na umande.

Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa hacheki tena. Jirani alimpa baiskeli kuukuu ili apunge upepo siku asizokwenda kazini hospitalini. Lakini kila akiipanda alirudi akijikanda magoti, na asubuhi hiyo, akiwa juu yake pale uwanjani, alisema ataigawa.

"Binti yangu, hebu shuka kidogo," alisema mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, aliyekuwa akimwagilia maua yake. "Kiti kiko chini mno. Umejikunja kama uko kwenye kibao cha mbuzi."

Alileta spana na kopo la grisi. Alipandisha kiti mpaka mguu wa mama ukanyooka vizuri juu ya pedali, kisha akaupaka mnyororo grisi. "Sasa nenda taratibu," alimwambia. "Hushindani na mtu."

Mama alizunguka uwanja mara moja, mgongo umekakamaa. Mara ya pili mabega yalikuwa yamelegea. Mara ya tatu nilimsikia akicheka peke yake, kile kicheko chake cha kutoka tumboni.

Nilikuwa na njaa. Nilimwita kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, turudi ndani.

"Kidogo tu, mwanangu," alinijibu akinipita. "Niache nizunguke mara moja tena."

Alizunguka mara nne, nami sikumwita tena.