Mguu Kwenye Pedeli

Majirani walimwita Mswaki, na hata mkewe akitaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Jina lilitokana na mswaki wa meno uliochakaa ambao haukukosekana kwenye mfuko wa shati lake. Kabla hajalegeza nati yoyote, aliisugua kwanza, akapuliza, akasugua tena, mpaka chuma kikaonyesha rangi yake. Wateja wenye haraka walimkimbia. Waliobaki kwake walikuwa wale walioponea chupuchupu barabarani, na mtu wa namna hiyo hamhimizi fundi wa breki.

Breki ndiyo ilikuwa kazi yake, hakuna nyingine. Injini aliwaachia wenzake. "Gari likikataa kuwaka utaenda kwa miguu," alikuwa akisema, "lakini likikataa kusimama?" Basi hapo hapo alinyamaza, maana hakuwa mtu wa porojo. Sikio lake la kulia lilikufa miaka mingi nyuma, tairi lilipompasukia ubavuni, na tangu hapo maneno yakawa kwake kitu cha kutumia kwa uchache, kama chumvi kwa mgonjwa wa presha.

Asubuhi moja ya Jumanne mjane mmoja alimletea gari la marehemu mumewe, likiburutwa kwa kamba nyuma ya lori. Mama huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, anayetembea kama mtu anayekagua madaftari. Gari lilikuwa dogo la zamani, rangi ya majivu, na lilikuwa limekaa miaka sita uani bila kutembea barabarani.

"Binti yangu anakaribia kujifungua," mama alisema. "Nataka kwenda kwake na gari hili. Injini imekwisha kushughulikiwa, inawaka vizuri. Lakini marehemu aliliegesha kwa sababu ya breki. Alisema paipu zimeliwa na kutu, na mtu asilitoe mpaka zibadilishwe. Alitaka azibadilishe mwenyewe. Ndipo akaanza kuumwa."

"Alikuwa fundi?"

"Karani. Lakini alikuwa hapendi kazi yake iguswe na mtu mwingine."

Mswaki alilipandisha gari juu ya stendi nne za chuma, akajilaza chini na tochi. Marehemu hakukosea. Paipu mbili zinazokwenda magurudumu ya nyuma zilikuwa zimevimba kutu mwili mzima. Aliigusa moja kwa ukucha, ikamomonyoka kama mkate uliokaushwa. Kichupa cha mafuta ya breki kilikuwa kikavu, na ndani yake mlikuwa na mende aliyekauka.

Kazi ilimchukua siku mbili. Aling'oa paipu zote, akazilaza sakafuni kwa mpangilio uleule, akakata nyingine mpya za shaba na kuzikunja kwa mkono kufuata mikunjo ya zile za zamani. Alitanua midomo ya paipu, akakaza nati, akabadilisha na raba za silinda. Mara mbili au tatu, akiwa chini ya gari, alihisi lile gari likizama kidogo juu yake, kama linavyozama mtu anapoketi kwenye kiti. Mara zote alitoka akakuta stendi zimesimama imara na milango imefungwa. Akajiambia ni uzee.

Alhamisi mama alikuja, kwa kuwa kazi ya kutoa upepo kwenye breki inahitaji watu wawili: mmoja kwenye pedeli, mwingine kwenye gurudumu. Mkewe Mswaki ndiye aliyezoea kumsaidia, lakini siku hiyo alikuwa amempeleka mama yake kliniki.

"Nikigonga mara moja, kanyaga ushikilie," Mswaki alimweleza mama. "Nikigonga mara mbili, achia. Hatusemeshani. Sikio langu moja halina kazi."

"Nimeelewa, fundi," mama akasema, akaketi nyuma ya usukani, mlango akauacha wazi.

Mswaki akaenda gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na pedeli. Akachomeka kipira chembamba kwenye kiskurubu cha kutolea upepo, ncha yake ya pili ndani ya chupa. Akagonga mara moja. Mafuta yakaja yakitoa mapovu. Akafunga, akagonga mara mbili. Pedeli ikaachiwa. Akagonga tena.

Kwa gurudumu la kwanza mama alikuwa mzito, anachelewa, kama ilivyo kwa mtu asiyezoea. Gurudumu la pili mambo yakabadilika. Kila alipogonga, mguu ule ulikanyaga mara mbili haraka haraka, halafu ukashikilia kwa nguvu, bila kutetereka. Mswaki akafurahi moyoni. Mwalimu ni mwalimu tu, akawaza, anajifunza upesi. Wakaenda hivyo gurudumu la tatu, na la nne, mapovu yakapungua, yakaisha. Mafuta yakawa safi kama chai ya rangi. Ilichukua karibu nusu saa.

"Ahsante, mama," akasema huku akijinyanyua na kupangusa mikono. "Sasa shuka."

Hakujibiwa. Akazunguka mbele. Kiti kilikuwa kitupu.

Akatazama pedeli. Ilikuwa chini, imekanyagwa. Alisimama akiiangalia, na ndipo ikapanda, taratibu, kama mtu anavyoondoa mguu baada ya kuambiwa kazi imekwisha.

Jua lilikuwa linawaka, watu wanapita barabarani, muuza maji anasukuma toroli lake, na yeye Mswaki amesimama pale, macho kwenye pedeli. Alipogeuka alimwona mama ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye kibaraza cha fundi cherehani, glasi ya maji mkononi. Akavuka bila kutazama kushoto wala kulia.

"Umefika hapa saa ngapi?" akauliza.

"Binti alipiga simu," mama akasema. "Tulipomaliza lile gurudumu la kwanza. Nilikwambia natoka nikazungumze naye. Hukusema kitu, nikajua umesikia. Nilipomaliza kuzungumza nikakuona kwa mbali unaendelea kugonga, nikadhani umepata mtu."

Mswaki akamgeukia fundi cherehani. Huyu alikuwa mtu wa mizaha, hakosi la kusema hata msibani. Safari hii aliondoa mguu kwenye mashine yake.

"Mama yupo hapa muda wote," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimeelekea huko huko kwako. Sikuona mtu akiingia kwenye gari. Nikashangaa unamgongea nani."

Mswaki akaketi kwenye ngazi ya kibaraza. Akasema lile alilolijua, la kazi. "Alikuwa anakanyaga mara mbili kwanza," akasema. "Haraka haraka. Kisha anashikilia."

Mama aliiweka glasi chini polepole. Akayatazama maji mpaka yakatulia.

"Miaka thelathini na moja nimeketi pembeni yake," akasema. "Kila anaposimamisha gari ni hivyo hivyo. Nilikuwa namwambia shingo inaniuma. Akasema ndivyo alivyofundishwa." Kisha akauliza, kama anayeuliza hali ya mgonjwa: "Alikanyaga kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, mama."

"Mguu ule haukuwa na nguvu mwishoni," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mswaki hakulitoa gari siku hiyo. Alikuwa na dhamiri ya kazi, na hakuwa tayari kumkabidhi mama wa watu gari ambalo breki zake zilikanyagwa na mtu asiyeweza kuulizwa. Usiku usingizi ulimpaa, na alfajiri akamsimulia mkewe. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulimshukuru?" akauliza.

"Nilimshukuru mama."

"Siyo mama."

Asubuhi wakaenda pamoja. Mkewe alifungua mlango wa gari, akasimama kidogo, akasema, "Samahani baba, naomba nikae," ndipo akaketi. Mswaki hakucheka. Walirudia kazi yote, gurudumu kwa gurudumu. Mkewe alikanyaga kama alivyokanyaga siku zote, mara moja tu, kwa uvivu kidogo. Halikutoka povu hata moja. Kila nati ilikuwa kavu. Akalijaribu gari barabarani, kwenye mteremko, kwenye changarawe, likasimama pale alipotaka. Katika miaka yake yote hakuwahi kuona breki zilizotolewa upepo vizuri kiasi kile, na hilo ndilo lililomtisha zaidi ya yote.

Mama alilichukua Jumamosi. Baada ya siku nne akapiga simu. Amefika salama, binti amejifungua mtoto wa kike.

"Hongera, mama. Gari halikusumbua?"

"Halikusumbua." Akasita. "Isipokuwa ule mteremko wa kuingilia mjini kwao. Nilikuwa sijakanyaga bado. Likapunguza mwendo lenyewe, nikaliacha lipunguze. Mbele kwenye kona kulikuwa na trekta limesimama katikati ya njia."

Mswaki alitaka kuihamishia simu kwenye sikio zima, akakuta tayari iko hapo. "Magurudumu yalipata moto?" akauliza. "Breki ikijishika yenyewe, ringi hupata moto. Ulizigusa?"

"Nilizigusa. Zilikuwa baridi."

Fundi akautoa mswaki mfukoni, akaushika tu.

"Sitarudi nalo," mama akasema. "Nimemwachia binti. Ana mtoto sasa, atalihitaji. Mimi nitapanda basi."

"Na binti umemwambia?"

"Nilitaka kumwambia. Jana nikamkuta ameketi ndani ya gari na kichanga, uani, dirisha limefungwa. Alikuwa anazungumza, uso ameuelekeza kwenye kiti cha dereva kilicho kitupu. Nikarudi ndani, nikafunga mlango."