Siku Monga Aliponikubalia

Kuna siku moja hainitoki akilini, mwanangu, na leo nitakusimulia, maana umeingia umenuna, unasema hurudi tena kwenye kundi lenu la mantiki kwa sababu kijana mmoja amekuvunjia uthibitisho wako mbele ya wenzako.

Sisi pia tulikuwa na kundi hapa Kamina, walimu vijana watano sita, tukikutana Jumamosi darasani. Tulipenda mantiki ya lazima na huenda. Hiyo haiulizi tu kama jambo ni kweli. Inauliza kama haliwezi kuwa vingine, au kama lingeweza tu kuwa. Watu walisema tumerukwa na akili, na sidhani walikosea sana.

Siku hiyo nilisimama ubaoni nimejaa maringo. Nilijiona nimethibitisha kwamba linaloweza kuwezekana tayari linawezekana. Monga, mwalimu mwenzangu wa kutoka Kaniama, akainua mkono, akaelekeza kidole kwenye gare, yaani stesheni ya treni.

"Mama, toka hapa ku dirisha minyi naona gare. Muntu mwenye kuwa ku gare anaona soko. Minyi, toka hapa, naona soko?"

Wote wakaangua kicheko. Uthibitisho wangu ukaanguka pale pale, maana ulidhani kwamba kinachoonekana kutoka kule kinaonekana pia kutoka hapa, nami nikatamani ardhi inimeze. Padri mzee aliyetufundisha akanivuta pembeni. "Monga peke yake njo alikusikiliza mpaka ku mwisho," akaniambia. "Bale bengine balikuwa banalala."

Basi tukabishana maisha yetu yote, Monga na mimi. Hata alipohamia Ulaya kufundisha, tulibishana kwa simu mpaka marehemu mume wangu akawa anatucheka. Sijawahi kuandika ukurasa mzuri ambao Monga hakuukataa kwanza.

Kisha akapata kiharusi. Juzi nilimpigia. Nilitamani mno kuisikia ile sauti yake ya kunikatalia, nikamwambia kwa makusudi upuuzi mtupu, kwamba nimethibitisha kila linalowezekana ni lazima liwe. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenicheka. Nikasubiri.

"Iko bien, mama," akajibu polepole. "Iko bien sana."

Nikamshukuru kwa hilo "vizuri" lake, nikakata simu, nikalia. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini nimemkosa. Uthibitisho wangu mpya, huu wa kweli, ninao mezani hapa, nausoma kila asubuhi, na bila yeye kuukataa sijui kama ni mzuri.

Kwa hiyo Jumamosi rudi, mwanangu. Vaa nguo safi, kaa karibu na yule kijana, mwambie akuonyeshe tena ulipokosea, na ukiona yeye ndiye amekosea, mbane bila huruma. Mkibishana hadi giza, mnunulie chai. Usimwache aende zake kwa ajili ya aibu ya siku moja.

Mungu akubariki. Akupe mtu wa kukukatalia, na akuachie mtu huyo mpaka uzeeni.